Murano: Kisiwa cha Kioo na Makumbusho Yaliyofufua Ufundi Wake

Murano ni mji mdogo wa kaskazini mwa Italia uliojengwa juu ya visiwa saba vilivyounganishwa kwa madaraja, umbali wa kilomita moja na nusu hivi kutoka Venice, ndani ya wangwa, yaani eneo la maji ya chumvi yenye kina kifupi lililotengwa na bahari ya Adriatic kwa mafungu membamba ya mchanga. Kwa zaidi ya miaka mia saba mji huu umeishi kwa kazi moja, utengenezaji wa kioo, na kwa muda mrefu bilauri, vioo vya kujitazamia, taa na shanga zake zilitafutwa na wafalme wa Ulaya na kubebwa na wachukuzi wa misafara ya bara la Afrika. Historia ya Murano huelezwa mara nyingi kuwa historia ya siri iliyolindwa vikali na dola, lakini mwenye kuifuatilia kwa makini hugundua kwamba siri hiyo ilivuja mapema, na kwamba ufundi ulipokaribia kutoweka katika karne ya 19, uliokolewa na watu walioamua kuyaweka maarifa wazi, katika jumba la makumbusho na darasa lililokuwa pamoja nalo.

Matanuri kuhamishiwa kisiwani

Kioo kilitengenezwa katika wangwa wa Venice kabla ya jina la Murano kuvuma. Wanaakiolojia walifukua mabaki ya tanuri la kioo katika kisiwa jirani cha Torcello, nayo hati ya mwaka 982 inamtaja mtu aitwaye Domenico aliyekuwa na cheo cha fiolario, yaani mtengenezaji wa chupa. Kufikia mwaka 1271 mafundi wa Venice walikuwa na chama chao chenye kanuni za maandishi, zilizoeleza nani aruhusiwe kufanya kazi, mwanagenzi apokewe vipi na bidhaa iwe ya ubora gani. Mwaka 1277 Jamhuri ya Venice ilitia saini mkataba na mtawala wa Antiokia uliogusia hata ushuru wa vipande vya kioo kilichovunjika, kwa kuwa vipande hivyo, vikichanganywa na malighafi mpya, huyeyuka upesi na kupunguza kuni. Mkataba huo unaonyesha jinsi ufundi wa Venice ulivyofungamana na pwani ya Shamu, ambako kazi ya kioo ilikuwa imestawi tangu enzi za kale.

Tukio linalohesabiwa kuwa mwanzo wa Murano kama mji wa kioo lilitokea tarehe 8 Novemba 1291, pale Baraza Kuu la Jamhuri, wakati wa Doge Pietro Gradenigo, lilipoamuru matanuri ya kioo yaliyokuwamo mjini Venice yabomolewe. Doge lilikuwa jina la mkuu wa Jamhuri hiyo, aliyechaguliwa kutoka miongoni mwa koo za kikabaila na kushika madaraka hadi kufa. Sababu iliyotolewa ilikuwa hatari ya moto, na ilikuwa na uzito, kwa kuwa nyumba nyingi za wakati huo zilijengwa kwa mbao, na tanuri la kioo huwaka usiku na mchana. Hata hivyo, mwaka uliofuata amri hiyo ililegezwa ili watengenezaji wa vitu vidogo kama shanga waendelee kutumia vitanuri vyao mjini mradi viwe mbali na nyumba za watu. Kwa sababu hiyo shanga zilibaki kuwa kazi ya Venice na Murano kwa pamoja, ilhali kioo cha kupulizwa kilikusanyika Murano, mahali ambapo serikali ingeweza kuwatazama mafundi wake kwa urahisi zaidi.

Malighafi na mikono

Kioo ni mchanga ulioyeyushwa, ila mchanga peke yake huhitaji joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi, ambalo tanuri la kuni halikuweza kulifikia. Fundi alilazimika kuongeza kitu cha kushusha kiwango hicho, na huko Murano kitu hicho kilikuwa magadi yaliyopatikana kutokana na majivu ya mimea ya maeneo ya chumvi, yaliyoletwa kwa meli kutoka Shamu na Misri. Mchanga wa kawaida ukaachwa, mahali pake pakachukuliwa na kokoto nyeupe za mto Ticino, zilizochomwa na kusagwa zikawa unga safi. Kwa hiyo kisiwa kilichosifika kwa kioo hakikuwa na malighafi yake chenyewe: kokoto zilitoka bara, majivu yalitoka ng'ambo, na kuni zilitoka misituni mbali na pwani.

Mageuzi makubwa yalitokea katikati ya karne ya 15, nayo yanahusishwa na Angelo Barovier, fundi wa ukoo ambao jina lake bado limo katika jina la kiwanda kimoja cha Murano. Majivu ya mimea huwa na uchafu unaokipa kioo rangi ya kijani au ya manjano. Barovier na wenzake waliyachemsha majivu majini, wakayachuja, kisha wakayakausha maji hayo wapate chumvi safi, na walipotia manganizi kidogo ili kuondoa rangi iliyobaki, walipata kioo kilichokaribia kutokuwa na rangi kabisa. Wakakiita cristallo, kwa kukifananisha na jiwe angavu la bilauri, na kwa karne mbili hivi hapakuwa na kioo kingine cha Ulaya kilichokifikia kwa wembamba na uangavu. Katika kizazi hicho hicho mafundi walibuni pia lattimo, kioo cheupe kama maziwa kilichoigiza kauri ya China, na kioo chenye mawimbi ya rangi kilichoigiza mawe ya thamani. Mwaka 1527 ndugu wawili wa ukoo wa Serena waliomba haki ya pekee ya kutengeneza kioo cha filigrana, ambacho nyuzi nyeupe husokotwa ndani ya ukuta wa chombo kikiwa bado laini.

Kioo chenye magadi hakigandi upesi kinapotolewa tanurini, na sifa hiyo ndiyo iliyoamua sura ya kazi za Murano. Fundi mkuu, akiwa ameketi kwenye benchi lenye mikono miwili mirefu, huvingirisha bomba la chuma ambalo ncha yake imebeba donge la kioo, huku msaidizi akipuliza na mwingine akileta kipande cha kubandika mpini au mguu. Kwa koleo na mkasi chombo huvutwa, hubanwa na kukunjwa, hurudishwa motoni mara kadhaa, na mwisho huingizwa katika tanuri la kupozea, kwa sababu kioo kinachopoa ghafla hupasuka chenyewe. Hakuna kikundi kinachoweza kufanya kazi hii bila kila mtu kujua mwendo wa mwenzake, na ujuzi wa namna hiyo haukuandikwa popote. Mwanagenzi aliupata kwa kusimama kando ya tanuri miaka mingi, akianza na kazi ya kubeba na kusafisha kabla ya kuruhusiwa kushika bomba.

Siri iliyovuja

Jamhuri ilifahamu thamani ya ujuzi huo, ikajaribu kuuzuia usitoke. Tangu mwishoni mwa karne ya 13 mafundi walikatazwa kwenda kufanya kazi nje, na aliyekiuka alitozwa faini na kufukuzwa chamani. Waliobaki nao walipewa heshima ambayo mafundi wa kawaida hawakuwa nayo: mwanzoni mwa karne ya 17 Murano ilifungua Kitabu chake cha Dhahabu, daftari la familia zilizotambuliwa kuwa raia halisi wa kisiwa, na nyingi kati ya hizo zilikuwa koo za wenye matanuri. Sera ilikuwa ya pande mbili, adhabu kwa mwenye kuondoka na hadhi kwa mwenye kukaa.

Haikutosha. Mafundi wenye madeni, wanagenzi wasio na matumaini ya kumiliki tanuri na wale waliobaki bila kipato katika miezi ambayo matanuri yalizimwa walikuwa na sababu za kusikiliza ahadi za watawala wa nje. Mwaka 1575 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alimpa Jacopo Verzelini, aliyetoka Venice, haki ya pekee ya kutengeneza bilauri za mtindo wa nyumbani kwao mjini London. Katika miji ya Flanders, Ujerumani na Uholanzi mafundi wahamiaji walitengeneza vyombo vinavyofanana mno na vya Murano, kiasi kwamba wataalamu wa leo hutatizika kuvitofautisha. Mwaka 1612 padri Antonio Neri wa Florence alichapisha kitabu kuhusu ufundi wa kioo, akaeleza bayana namna ya kusafisha majivu na kutia rangi, na mengi yaliyosemwa kwa kunong'onezana yakawa mali ya yeyote ajuaye kusoma.

Pigo lililojulikana zaidi lilihusu vioo vya kujitazamia. Tangu mwanzoni mwa karne ya 16 Murano ilikuwa imeongoza katika kutandaza kioo kikawa bapa na kukipaka bati na zebaki mgongoni, na Ufaransa ilikuwa ikitumia fedha nyingi kuvinunua. Mwaka 1665 Jean-Baptiste Colbert, waziri wa Mfalme Louis wa Kumi na Nne, aliwashawishi mafundi kadhaa wahamie Paris, akaanzisha kiwanda cha kifalme ambacho baadaye kilikua kuwa kampuni ya Saint-Gobain. Mwaka 1684, Ukumbi wa Vioo wa Versailles ulipokamilika, vioo 357 vilivyouremba vilikuwa vimetengenezwa Ufaransa.

Ushindani mkali zaidi ulitokana na kemia nyingine. Uingereza, kuanzia mwaka 1674, ilitumia risasi kutengeneza kioo kizito chenye mng'ao mkubwa, na Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, ilitumia majivu ya miti ya msituni, yakatoa kioo kinene kinachofaa kukatwa na kuchongwa kwa gurudumu. Wanunuzi wa karne ya 18 walipenda kioo cha kuchongwa, na kioo chembamba cha Murano hakikuweza kustahimili gurudumu. Giuseppe Briati alijaribu kujibu changamoto hiyo kwa kutengeneza taa kubwa za kuning'inia zilizopambwa kwa maua na majani ya kioo, zikapata wateja wengi katika majumba ya matajiri, lakini aina moja ya bidhaa haikutosha kuwalisha mafundi wote wa kisiwa.

Shanga na soko la Afrika Mashariki

Wakati kioo cha kupulizwa kikififia, shanga ziliendelea kuuzwa kote duniani. Shanga ndogo zilitengenezwa kwa kuvuta. Donge la kioo laini lenye tundu katikati lilishikwa na mafundi wawili waliokimbia kuelekea pande tofauti za ukumbi mrefu, likarefuka likawa mrija mwembamba. Mrija huo ulikatwa vipande vidogo, kisha vipande vikazungushwa motoni vikiwa vimefukiwa katika unga wa kuzuia tundu lisizibe, hadi kingo zake kali zikawa mviringo. Kuzitunga kwenye nyuzi ilikuwa kazi ya wanawake wa mitaa ya maskini ya Venice, waliokaa milangoni mwa nyumba zao na mabakuli ya mbao mapajani, wakichota shanga kwa sindano ndefu zilizoshikwa nyingi kwa mkupuo. Malipo yao yalikuwa madogo mno, na mwaka 1904 waligoma kudai nyongeza.

Sehemu ya shanga hizo ilifika Zanzibar. Ushanga wa kioo haukuwa kitu kigeni katika pwani ya Waswahili, kwa kuwa uchimbaji wa akiolojia katika miji ya kale ya Shanga, Kilwa na kwingineko umefukua maelfu ya shanga za zama za kati, nyingi zikiwa zimetoka India. Katika karne ya 19, biashara ya pembe na watumwa ilipopanuka kuelekea maziwa makuu, shanga za Venice ziliingia kwa wingi na kuwa, pamoja na vitambaa na waya wa shaba, fedha ya misafara. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwamba palikuwa na aina 400 hivi za ushanga sokoni, na kwamba kila nchi ilikuwa na chaguo lake. Ushanga mwekundu wenye kiini cheupe, ulioitwa samisami, ulipendwa mahali pengi, ilhali huko Ujiji ulitumika ushanga mrefu kama kipande cha kiko, uitwao sofi. Aliyebeba aina isiyotakiwa aliweza kufa njaa akiwa na mzigo kamili, na hiyo ndiyo sababu wenye misafara walitafuta habari kwa wazoefu wa Zanzibar na Bagamoyo kabla ya kununua. Fundi wa Murano hakuwahi kumwona mnunuzi wa Unyamwezi, lakini uamuzi wa mnunuzi huyo kuhusu rangi na ukubwa uliamua nini kitengenezwe, na biashara hiyo ilisaidia baadhi ya matanuri ya wangwa yasizimike.

Anguko

Mwaka 1797 majeshi ya Napoleon yalikomesha Jamhuri ya Venice, na miaka michache baadaye vyama vya mafundi vilivunjwa. Kuvunjwa kwa chama kulimaanisha zaidi ya kupoteza kinga ya soko, kwa maana chama ndicho kilichoamua nani afunze na nani apite mtihani wa kuwa fundi mkuu. Utawala wa Austria uliofuata ulikuwa pia na Bohemia chini yake, na haukuwa na haja ya kukilinda kisiwa kilichoshindana na jimbo lake lenyewe. Ushuru wa malighafi ulipanda, matanuri mengi yalifungwa, na yaliyobaki yalitengeneza shanga, chupa na vyombo vya kawaida. Kufikia miaka ya 1830 mbinu kadhaa za karne ya 16 hazikuwa na mtu wa kuzifanya, kwa vile mlolongo wa mwalimu na mwanagenzi ulikuwa umekatika. Vyombo vya kale vilikuwapo katika makusanyo ya Paris na London, lakini kijana wa Murano hakuwa na mahali pa kuvitazama.

Makumbusho na darasa

Waliouona upungufu huo kwa uwazi ni padri Vincenzo Zanetti, mzaliwa wa kisiwa na mtafiti wa historia yake, pamoja na Antonio Colleoni, aliyekuwa meya. Mwaka 1861 walianzisha hazina ya kumbukumbu za Murano katika jumba la kasri la Giustinian, lililokuwa makao ya maaskofu wa Torcello tangu karne ya 17 na kununuliwa na halmashauri ya mji baada ya uaskofu huo kufutwa. Mwanzoni zilikusanywa hati na nyaraka, lakini punde wenyeji walianza kuleta vyombo vya kale vilivyohifadhiwa na familia zao, na hazina ikawa makumbusho. Mwaka 1862 ilifunguliwa pamoja nayo shule ya uchoraji kwa mafundi, ambapo vijana waliofanya kazi tanurini walijifunza kuchora vyombo vilivyokuwa mbele yao, wakivipima na kuchunguza jinsi vilivyoungwa. Mwaka 1864 kisiwa kikafanya maonyesho yake ya kwanza ya kioo, na taa kubwa iliyotengenezwa na Giovanni Fuga na Lorenzo Santi kwa ajili ya maonyesho hayo bado inaning'inia katika ukumbi mkuu wa makumbusho.

Matokeo yalionekana haraka. Antonio Salviati, mwanasheria kutoka Vicenza aliyekuwa ameanzisha kampuni ya vigae vidogo vya mapambo ya ukutani mwaka 1859, alipanua kazi yake mwaka 1866 kwa mtaji wa Waingereza, akawaajiri mafundi waliopitia mikononi mwa Zanetti. Vigae vyake vinaonekana hadi leo kwenye mnara wa kumbukumbu ya Mwanamfalme Albert mjini London. Vincenzo Moretti naye, kwa kuchunguza vipande vya kioo cha Kirumi, aligundua upya namna ya kuunganisha vijiti vya rangi na kuvikata ili kupata mapambo ya murrine, na kazi hizo zilishangiliwa katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1878. Katika muda wa miaka ishirini mbinu zilizodhaniwa kufa zilikuwa zimerudi.

Mgeni wa makumbusho leo hupita katika vyumba vilivyopangwa kwa mfuatano wa nyakati, kuanzia kioo cha Kirumi cha karne ya 1 hadi ya 3. Miongoni mwa hazina zake mashuhuri ni kikombe cha harusi cha kioo cha buluu kinachohusishwa na ukoo wa Barovier, chenye picha za bibi na bwana harusi zilizochorwa kwa rangi ya kuchomwa, na bustani nzima ya kioo ya karne ya 18 iliyokuwa pambo la meza ya karamu katika kasri la Morosini.

Karne ya 20 na baada yake

Mwaka 1921 Paolo Venini, mwanasheria wa Milan, na Giacomo Cappellin, mfanyabiashara wa vitu vya kale, waliungana kufungua kiwanda, wakamkabidhi mchoraji Vittorio Zecchin, mzaliwa wa Murano, usimamizi wa sanaa. Kuanzia hapo mbunifu na fundi wakawa watu wawili wanaofanya kazi bega kwa bega. Carlo Scarpa, aliyekuja kusifika kama msanifu majengo, alibuni kwa ajili ya Cappellin, baada ya wawili hao kutengana, na kisha Venini hadi mwaka 1947. Mwaka 1923, wakati mageuzi hayo yakianza, Murano ilipoteza halmashauri yake na kuwa sehemu ya Venice, na makumbusho yakawekwa chini ya mji huo.

Viwanda vya ushanga havikuwa na bahati hiyo. Kampuni kadhaa ziliungana mwaka 1898 kuwa kampuni moja kubwa, lakini mashine za Bohemia na baadaye za Japani zilipunguza soko lake, ikafungwa mwaka 1992. Sehemu ya majengo yake ilikarabatiwa na kuunganishwa na makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2015, hivyo ukumbi wa kiwanda ukawa ukumbi wa maonyesho.

Suala la siri lilizuka tena mwaka 1979, pale fundi mkuu Lino Tagliapietra alipokubali kufundisha katika shule ya kioo ya Pilchuck karibu na Seattle, Marekani. Shule hiyo ilianzishwa na Dale Chihuly na wenzake mwaka 1971, baada ya Chihuly mwenyewe kukaa katika kiwanda cha Venini mwishoni mwa miaka ya 1960. Wapo waliomlaumu Tagliapietra kwa kutoa nje mali ya kisiwa, lakini wanafunzi wake wa Kimarekani ndio waliogeuka kuwa wakusanyaji, walimu na watetezi wa kioo cha Murano. Tatizo la sasa ni jingine: bidhaa za bei nafuu zinazouzwa kwa watalii kwa jina la Murano bila kutoka huko, jambo lililoufanya mkoa wa Veneto kutunga sheria ya nembo ya asili mwaka 1994, na gharama ya gesi, iliyopanda mno kuanzia mwaka 2021 na kuvilazimisha viwanda kadhaa kuzima matanuri. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza kazi ya ushanga wa kioo ya Italia na Ufaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kwa kuzingatia mwenendo huo wote, hukumu juu ya Murano haina budi kutofautisha njia mbili za kulinda ufundi. Karne tano za makatazo hazikumzuia fundi mwenye njaa kuondoka wala kitabu kuchapishwa, na kinga ya dola ilipoondoka mwaka 1797 ufundi ulianguka pamoja nayo. Miaka ishirini ya makumbusho yaliyoambatana na shule ilirejesha kilichopotea, kwa sababu vyombo vya kale viliwekwa mbele ya watu wenye matanuri na mikono ya kuvijaribu. Nchi zinazoanzisha makumbusho ya ufundi wao, zikiwemo za Afrika Mashariki zenye wachongaji milango, mafundi majahazi na wafinyanzi, zingefanya vema kumpa mwanagenzi nafasi ya kudumu humo kabla ya kumfikiria mtalii.